Nafasi ya Tanki Si Nafasi ya Mafuta

Mimi ni injinia mkuu wa meli, na ujumbe wa ofisi ya kampuni kuhusu mafuta niliyoagiza ulikuwa mfupi: "Chifu, matanki yako yana nafasi ya mita za ujazo 660. Mbona umeomba 270?" Chini yake jedwali, limejumlishwa vizuri na kupakwa rangi ya kijani. Ni mara ya tatu mwaka huu, na kila mara anayeuliza ni mtu mwingine, kwa hiyo hata wa kumnunia sina. Naandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Hesabu yenyewe ni hii. Nina matanki manne ya akiba, kila moja mita za ujazo 300. Namba 4 ndilo tunalolitumia sasa, tuliache. Namba 3 ni tupu. Namba 1 na namba 2 kila moja limebaki na 120. Mtu wa mezani anaona 180, 180 na 300, anapata 660. Kwanza, hatujazi tanki hadi mdomoni. Mimi naishia asilimia 90, maana mafuta yakipata moto hutanuka, na tishari, chombo kinachotuletea mafuta, likimaliza kusukuma hupuliza bomba lake kwa hewa. Povu la hewa hiyo likipanda kwenye bomba la hewa la tanki utalikuta sitahani, kisha baharini, kisha utajikuta wewe mbele ya hakimu. Kwa hiyo 660 imeshakuwa 570. Hapo huwa tunaelewana. Tusipoelewana ni kwenye 150 za namba 1 na 150 za namba 2, ambazo nazikataa zote, nikabaki na 270 za namba 3.

"Si yote mafuta mazito, Chifu? Daraja moja, salfa ile ile."

Hapo ndipo ninapopandwa na mori.

Daraja la RMG 380, ndilo la mafuta yetu mazito, linakwambia mnato (uzito wa kutiririka) hauzidi sentistoki 380 kwenye nyuzi 50, densiti haizidi kilo 991 kwa mita ya ujazo kwenye nyuzi 15, maji hayazidi asilimia 0.5, na mengine ya namna hiyo. Yote yamepimwa mafuta yakiwa peke yake ndani ya chupa yake. Hakuna mstari hata mmoja kwenye cheti unaosema yataishi vipi na mafuta yaliyomo tankini mwangu, kwa sababu maabara haijui mna nini tankini mwangu. Fahali wawili hawakai zizi moja, na wote wawili wanaweza kuwa na cheti cha afya.

Ndani ya mafuta mazito mna asfaltini, chembe za asili ya lami. Haziyeyuki, zinaelea tu, na zinaelea kwa sababu mafuta yanayozizunguka yana aromatiki, jamii ya viambato vya mafuta, za kutosha kuzibeba. Ukiyamiminia mafuta mengine yenye parafini (jamii ya nta, si mafuta ya taa) nyingi, mbebaji anapungua nguvu. Chembe zinashikana, zinakuwa tope, zinazama. Ya kwanza yalikuwa safi, ya pili yalikuwa safi, ila ndoa ndiyo iliyoharibika.

Zamani tatizo hili lilikuwepo, ila mafuta mengi mazito yalikuwa kama binamu. Tangu tarehe 1 Januari 2020, kiwango cha juu cha salfa kiliposhushwa kutoka asilimia 3.50 hadi 0.50 kwa meli isiyo na mtambo wa kusafisha moshi, wachanganyaji wanafika kwenye 0.50 kwa njia mbalimbali. Mmoja anatumia masalia mengi ya kiwanda cha kusafisha mafuta, yenye aromatiki, mwingine anatia parafini hadi mafuta yananuka mshumaa. Karatasi zao zinafanana kama mapacha. Kwa hiyo mtu akiniambia "salfa ile ile" ni kama hajaniambia kitu.

Nikiwa injinia wa tatu, kwenye meli nyingine, tulimiminia mafuta mapya juu ya theluthi ya tanki la zamani, kwa amri ya simu. Siku mbili kimya. Tulipoanza kuyahamishia kwenye tanki la kutuamishia na kuyapasha moto, chujio la kujisafisha lenyewe, ambalo kawaida hujiosha mara chache kwa zamu, likaanza kujiosha kila baada ya dakika chache. Pyurifaya, mashine za kusafisha mafuta, zikawa zinatema tope kupita kiasi. Nilipofungua chujio la pampu nilikuta kitu cheusi kinachong'aa. Nikakibonyeza, alama ya kidole changu ikabaki. Mwendo ukapunguzwa, na oila wawili, mabaharia wa chumba cha injini, wakakesha na ndoo ya dizeli na brashi, usiku mbili. Aliyepiga simu alilala.

Kuna ushauri mwingine unaokuja na shida hii: "Ongezeni moto." Uko sahihi nusu, na nusu hiyo ndiyo inayouponza. Chujio linaweza kuzibwa na nta au na asfaltini, na kwa macho vyote ni uchafu mweusi. Chukua kipande, kitie ndani ya kopo, simamisha kopo kwenye maji ya moto sana. Kikilegea na kutiririka, ni nta: tanki lako ni baridi, lipandishe walau nyuzi 10 juu ya kiwango cha kuganda kilichoandikwa kwenye ripoti ya maabara. Kikikaa vile vile kama mgeni asiyeaga, ni asfaltini, na moto hauirudishi ilikotoka. Moto mwingi kwa muda mrefu unazidi kuyazeesha mafuta. Nimewaona watu wakifungulia vali ya mvuke siku nzima wakidhani wanatibu.

  

Sasa, kwa nini nisiyahamishie mafuta ya namba 1 kwenye namba 2? Lingekuwa na 240, sawa na asilimia 80, na namba 1 lingekuwa tupu. Ningeomba 540 na kila mtu angefurahi. Kama yangetoka tishari moja, ningefanya hivyo leo kabla ya chai. Yametoka bandari mbili, kwa hiyo inabidi nijaribu kwanza: nachanganya sampuli kwa uwiano ule ule, napasha moto, nadondosha tone kwenye karatasi ya kipimo, nakausha kwenye oveni, kisha natazama doa. Doa la rangi moja hadi ukingoni hupewa alama 1. Likiwa na kiini cheusi kizito katikati ni alama 5. Alama 1 na 2 unapita.

Na hapa niungame. Tofauti ya alama 2 na alama 3 mara nyingine inategemea taa na usingizi wa anayesoma. Mafuta yenye nta nyingi huchora duara linalofanana na la asfaltini. Tena karatasi inaeleza hali ya leo, si ya wiki tatu baadaye ndani ya tanki la moto. Na hakuna tanki tupu kwa kweli. Mdomo wa bomba la kunyonya haufiki chini kabisa, kwa hiyo kila ninapopakia nachanganya tu, nipende nisipende. Najiwekea mpaka wa asilimia 10 ya mafuta ya zamani. Wenzangu wengine wanafika 20 na wanalala vizuri. Siwezi kuapa kwamba 10 yangu ni sayansi zaidi ya 20 yao. Ni mazoea ya mtu aliyewahi kushika brashi na ndoo.

Asubuhi tumefanya kipimo cha mafuta ya tanki namba 1 na namba 2, nusu kwa nusu. Karatasi iko mbele yangu. Injinia wa tatu anasema, "Chifu, hiyo ni 2." Mimi naona 3. Nimeomba 270.