Je, wajua jinsi bakuli la Tabaka linavyopata mnunuzi Ulaya?

Tabaka, kaunti ya Kisii, iko mbali na bandari, lakini mabakuli na vinyago vyake vya mawe ya sabuni huuzwa mpaka Ulaya na Marekani. Kazi yenyewe ni ya familia: kwa kawaida wanaume huchimba na kuchonga, wanawake husugua kwa msasa na maji mpaka jiwe liteleze. Mnunuzi wa ng'ambo huwapataje watu hawa?

Huwapata kupitia mtu. Chukua oda ya mabakuli mia tatu. Mchongaji anataka malipo ya awali anunue mawe na kuwalipa wasuguaji. Mnunuzi anaogopa kutuma pesa kwa asiyemjua, kisha aletewe mawe yaliyopasuka, au asiletewe kitu. Kushtakiana kutoka nchi mbili kutamla pesa nyingi kuliko mzigo wenyewe. Hapo ndipo anapohitajika mtu anayejulikana pande zote: binamu anayeishi Ujerumani, au padri aliyewahi kuhudumu Kisii. Mambo yakiharibika, jina lake ndilo litakaloharibika huku na kule, na hiyo ndiyo dhamana.

Njia hii ya kupitia mtu si mpya. Mwaka 1946 Edna Ruth Byler, Mmarekani wa dhehebu la Kikristo la Wamenoni, alianza kuwauzia marafiki na waumini wenzake vitambaa vilivyodariziwa na wanawake wa Puerto Rico. Kutokana na juhudi hizo likazaliwa shirika la Ten Thousand Villages, ambalo limeuza pia mawe ya Kisii. Wasomi wa Uswidi, Jan Johanson na Jan-Erik Vahlne, waliandika mwaka 2009 kwamba kinachoikwamisha zaidi biashara ugenini ni kukosa nafasi katika mtandao wa wahusika wa soko lile, kuliko hata ugeni wa nchi yenyewe.

Ndiyo maana naona ndugu peke yake hatoshi. Binamu atawauzia wafanyakazi wenzake na Wakenya wa mji ule, basi. Mwenye duka la zawadi ndiye anayejua umbo linalopendwa, na kwamba mzigo wa Krismasi lazima uondoke Mombasa miezi kadhaa mapema, maana meli haina haraka. Kwa hiyo binamu asiombwe kuuza. Aombwe ampelekee mwenye duka sampuli moja, amweleze aliyeichonga ni nani, kisha awaache wazungumze bei wenyewe.