Akiolojia ya baharini: dhana potofu na ukweli

Dhana: Akiolojia ya baharini, yaani uchunguzi wa mabaki ya kale yaliyo chini ya maji, ni usakaji wa hazina wenye shahada.
Msaka hazina huuliza kitu kitauzwa kiasi gani. Mwanaakiolojia huuliza kilikuwa wapi, kililalia nini na nini kilikilalia. Mtungi ulioibuliwa kabla ya kupimwa na kuchorwa pale ulipokuwa, umebaki chungu tu. Mkataba wa UNESCO wa 2001 unakataza kabisa urithi ulio chini ya maji kufanywa bidhaa.

Dhana: Ukiona meli ya kale, iokoe haraka.
Hapa hata wenye nia njema huharibu. Mbao iliyozikwa kwenye matope hukosa oksijeni, na viumbe watoboao mbao hawaifikii. Ila kwa ndani imeshadhoofika. Maji ndiyo yanayoshikilia umbo lake. Ianike tu, itasinyaa na kupasuka. Mzinga wa chuma nao hulaghai: siku ya kwanza unaonekana mzima, kisha chumvi iliyoingia ndani inauchimba na magamba yanabanduka.

Meli ya Vasa ilizama Stockholm, Uswidi, mwaka 1628, ikainuliwa 1961. Ilinyunyiziwa dawa ya kuimarisha mbao kwa miaka 17, na hadi leo watunzaji wanahangaika na asidi inayojitengeneza ndani ya mbao hizo. Ndiyo maana mkataba wa UNESCO unataka kuviacha vitu vilipo kufikiriwe kwanza. Kazi kubwa basi ni kulinda kisichoonekana, na kumwomba mfadhili fedha za kuacha kitu chini si rahisi hata kidogo.

Dhana: Ni kushinda ndani ya maji kutwa.
Huko Uluburun, Uturuki, meli ya karne ya 14 kabla ya Kristo ililala kati ya mita 44 na 61. Kwa kina hicho kila mbizi ilikuwa ya dakika 20 hivi. Zilihitajika zaidi ya mbizi 22,000, kuanzia 1984 hadi 1994. Kule chini mtu anapepea mchanga kwa kiganja na kuandika kwa penseli kwenye karatasi ya plastiki. Maabara na maandishi ndiyo yanayokula miaka.

Dhana: Wanaojua ni wasomi peke yao.
Meli ya Uluburun haikugunduliwa na msomi. Mwaka 1982 mpiga mbizi wa kuvuna sifongo alisimulia kwamba ameona "biskuti za chuma zenye masikio". Zilikuwa mapande ya shaba, jumla yake tani 10 hivi.