Keekee ya barafu ya petroli: ni nini, na huchaguliwaje?

Maziwa ya maji ya Minnesota na Wisconsin, majimbo ya Marekani, na ya Ontario, Kanada, huganda kuanzia juu. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakifika nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo yanayozidi kupoa hubaki juu na kuwa barafu. Chini yake maji hubaki maji, na samaki huishi humo majira yote ya baridi. Mvuvi anayewataka hana budi kutoboa, na chombo cha kazi hiyo ni keekee ya barafu: mhimili wa chuma wenye urefu wa mita moja hivi, umezungukwa na bapa lililojisokota kama parafujo, na mwishoni una visu. Visu hukwangua barafu, bapa hupandisha chenga juu. Ziko keekee za kuzungushwa kwa mkono, za betri, za gesi ya mtungi, na za injini ya petroli, ambazo ndizo ninazozieleza hapa.

Injini hukaa juu, katikati ya mikono miwili ya kushikia. Yenyewe huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, kasi isiyofaa kabisa kukatia barafu. Giaboksi huipunguza hadi mizunguko mia chache na kuigeuza nguvu ya kusokota. Kuna na klachi: ukiachia mafuta, mhimili husimama ingawa injini bado inanguruma.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza injini ina cc ngapi. Huko ni kuanzia mwisho. Anza na samaki, uende kwenye barafu, ndipo ufike kwenye injini.

Samaki ndiye anayeamua upana wa tundu. Inchi 6 zinamtosha pechi wa manjano na wenzake wadogo wa kukaanga. Inchi 8 ndizo za wolai, samaki aliyetangazwa kuwa samaki rasmi wa jimbo la Minnesota mwaka 1965, na hata mkubwa wake hupita bila taabu. Inchi 10 ni za anayewinda paiki mrefu mwenye meno, au trauti wa ziwani, ambao kichwa kikikwama ukingoni mwa tundu uzi hukatika. Zaidi ya hapo si lazima, na pengine ni kosa: Wisconsin hairuhusu kuvua samaki kwa ndoana kwenye tundu linalozidi inchi 12, maana tundu pana ni mtego kwa mtu anayepita.

Tofauti ya inchi mbili inaonekana ndogo dukani. Barafuni si ndogo. Chukua barafu yenye unene wa sentimita 60. Tundu la inchi 6 linatoa kama kilo 10 za barafu, la inchi 8 kilo 18, la inchi 10 kilo 28. Kazi hiyo yote ni ya injini, mikono na mgongo wako, tena si mara moja. Anayevua kwa bidii hatoboi tundu moja akaketi. Hutoboa mengi akifuata samaki walipo. Ndiyo maana kwa mtu asiye na hakika ningemshauri inchi 8, asirubuniwe na ukubwa.

Unene wa barafu ndio unaoamua kama petroli inahitajika kabisa. Mwanzoni mwa msimu, barafu ikiwa sentimita 10 au 15, keekee ya mkono inatosha. Idara ya maliasili ya Minnesota hutaja inchi 4, yaani sentimita 10, kuwa unene wa chini kabisa wa barafu safi na mpya kwa mtu anayetembea kwa miguu. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ina kama nusu ya nguvu hiyo. Kwa hiyo usiingie na injini yako begani kabla hujaipiga barafu kwa mtalimbo mbele yako hatua kwa hatua. Baadaye, kwenye ziwa la kaskazini kama Lake of the Woods, unene unaweza kupita sentimita 75, na mhimili wa kawaida ukahitaji kiungo cha kuurefusha. Hapo petroli inajilipa: haichoki kwa baridi kama betri, na ukiishiwa unajaza tangi ukaendelea. Anayetoboa matundu machache karibu na gari lake, mimi ningemwambia anunue ya betri. Siku hizi ni nyepesi, haina kelele, na inaweza kutumika ndani ya hema la kuvulia. Ya petroli isiwashwe kamwe hemani. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na harufu, inayoua mtu asijue.

Sasa injini. Nyingi ni kati ya cc 33 na 52. Ndogo zinamudu inchi 8, kubwa ni za inchi 10. Uzito wa mashine nzima huwa kilo 11 hadi 16, na anayetembea kilomita mbili juu ya theluji ataujua. Za mapigo mawili huchanganywa petroli na oili, mara nyingi sehemu 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa lita, jambo ambalo yeyote aliyeendesha mashua ya injini ya zamani pale Kilwa au Lamu analijua vizuri. Ni nyepesi na zina moshi. Za mapigo manne hutumia petroli tupu, zinanguruma taratibu, ila zina oili yake chini na hazipendi kulazwa ubavu: oili ikipanda kwenye silinda, asubuhi haziwaki. Kwa anayebeba mashine nyuma ya gari kila wiki, hilo ni jambo la kufikiria sana.

Visu havitajwi sana kwenye matangazo, lakini ndivyo vinavyokata. Visu bapa vyenye makali kama wembe hupita upesi kwenye barafu safi, ila ukirudi kwenye tundu la jana lililoganda tena hukwama na kurukaruka. Vyenye meno ni vya polepole, lakini vinafungua tundu la zamani bila ugomvi. Vyote huharibiwa na mchanga, basi kwenye maji ya kina kifupi usishushe mhimili hadi chini. Kabla ya kulipa, uliza visu vya akiba vinapatikana wapi, kwa sababu vya kampuni moja havifai kwenye mhimili wa nyingine.

Msimu ukiisha, mwaga petroli, kisha washa injini na uiache izime yenyewe ili kabureta ikauke. Petroli ya kawaida ya Marekani huwa na ethanoli, nayo hufyonza unyevu na kuziba njia za mafuta. Minnesota huuza petroli isiyo na ethanoli kwa ajili ya injini ndogo na boti. Ni ghali kidogo, lakini kabureta ni ghali zaidi.