Kampuni imenunuliwa na mfuko wa uwekezaji: soma kabla ya kusaini barua yoyote

Kampuni ikinunuliwa na mfuko wa uwekezaji, wafanyakazi huanza kuulizana nani atabaki na nani ataondoka. Hofu hiyo ina sababu, lakini kuna swali la kutangulia: kilichouzwa ni nini hasa, hisa za kampuni au biashara yenyewe? Jibu lake ndilo linaloonyesha mwajiri wako ni nani leo, miaka yako ya kazi inahesabiwa wapi, na ni karatasi gani usiiguse.

Hisa zikiuzwa, mwajiri hajabadilika. Kampuni ni ileile, namba yake ya usajili ni ileile, na mkataba wako unaendelea bila mtu yeyote kuandika barua mpya. Aliyebadilika ni mwenye mali. Mfano uliozoeleka Uganda ni Umeme, kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme nchini: kampuni ya uwekezaji ya Actis ilikuwa mmiliki mkubwa kabla Umeme haijaingia Soko la Hisa la Uganda mwaka 2012, kisha mwaka 2014 ikauza sehemu kubwa ya hisa zilizobaki, na baadaye ikaondoka kabisa. Hisa zilibadilisha mikono, lakini mwajiri aliendelea kuitwa Umeme. Linganisha na tarehe 31 Machi 2025, mkataba wa miaka 20 wa usambazaji umeme ulipofika mwisho na mtandao ukarudi kwa UEDCL, kampuni ya serikali ya usambazaji umeme. Hapo aliyeshika kazi hiyo ni mwajiri mwingine kabisa.

Biashara ikihamishwa, nzima au sehemu yake, Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mikataba ya wafanyakazi wote waliopo siku ya uhamisho inahama yenyewe kwenda kwa mwajiri mpya, pamoja na haki na madeni yake yote. Likizo ambayo hujaichukua inahama. Mshahara uliocheleweshwa unahama. Miaka yako ya kazi, hata kama ni tisa, inahama. Nje ya hali hizo zilizotajwa na sheria, mwajiri hawezi kukuhamishia kwa mwajiri mwingine bila ridhaa yako.

Utajuaje ni uuzaji wa aina gani? Angalia jina la mwajiri kwenye hati yako ya mshahara ya mwezi uliopita na ya mwezi huu, kisha taarifa yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Ukitaka uhakika zaidi, nenda URSB, ofisi ya usajili wa kampuni, ufanye upekuzi wa jalada la kampuni kwa ada: utaona wakurugenzi na wanahisa, na mara nyingine dhamana zilizowekwa kwa ajili ya mikopo. Na kama mnunuzi ana shughuli katika nchi kadhaa, huenda muungano huo ukalazimika kupitia tume ya ushindani ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, iliyoko Lilongwe. Tume hutoa matangazo ya miungano inayoshughulikiwa na kuwaalika wadau watoe maoni. Mfanyakazi ni mdau, ingawa ni wachache wanaojua hilo.

Barua ya kuogopwa kuliko barua ya kupunguzwa kazi

Barua hii huja na maneno matamu: kwa kuwa kampuni inaanza ukurasa mpya, kila mfanyakazi anaombwa kujiuzulu na kuomba nafasi yake upya, “utaratibu tu”. Si utaratibu tu. Aliyejiuzulu kwa hiari yake hadai malipo ya notisi, na atapata shida kubwa kudai kwamba aliachishwa isivyo haki. Miaka yake ya utumishi inarudi sifuri. Mtu wa miaka kumi aliyestahili notisi ya miezi mitatu anajikuta kwenye kipindi cha majaribio, ambacho kinaweza kufika miezi sita, na mkataba wa majaribio huvunjwa kwa notisi ya siku 14 au malipo ya siku saba. Baadaye mnunuzi akipunguza watu, gharama yake ni ndogo sana, kwa sababu gharama ililipwa na mfanyakazi mwenyewe siku aliyosaini.

Usikatae kwa hasira na usisaini kwa hofu. Pokea barua, andika “nimepokea”, weka tarehe, na ubaki na nakala. Kisha jibu kwa maandishi ukiomba mambo mawili: uthibitisho kwamba utumishi wako unaendelea kuhesabiwa tangu tarehe uliyoajiriwa (itaje tarehe yenyewe), na muda wa kusoma mkataba mpya. Mwajiri mwenye nia njema hashindwi kuandika sentensi moja ya namna hiyo. Akikataa, umejua unashughulika na nani.

Hesabu ya mnunuzi

Mfuko wa namna hii haununui kampuni ili ukae nayo milele. Kwa kawaida una uhai wa miaka kumi hivi, na kampuni moja hushikwa miaka mitatu hadi saba, kisha huuzwa. Bei ya kuuzia hupigwa kwa kuzidisha faida ya uendeshaji ya mwaka, faida kabla ya riba, kodi na uchakavu wa mali. Tuseme kampuni za sekta yako huuzwa kwa mara sita ya faida hiyo. Meneja akipunguza gharama ya mishahara kwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, hajaokoa milioni 100 tu, bali ameongeza milioni 600 kwenye bei ya kuuzia. Hapo ndipo shinikizo linapotoka, na ndiyo maana kampuni inayopata faida nayo hupunguza watu.

Lakini hesabu hiyohiyo humlinda anayeingiza mapato. Kumwondoa muuzaji anayeshika wateja wakubwa, au fundi pekee anayejua mashine fulani, hupunguza faida, nayo pia huzidishwa kwa sita. Walio hatarini zaidi ni wa idara zinazojirudia: ikiwa mnunuzi tayari ana kampuni nyingine Nairobi, basi uhasibu, rasilimali watu, teknolojia ya habari na manunuzi ya Kampala huangaliwa kwanza, kwa kuwa kazi hizo zinaweza kufanywa kutoka ofisi moja. Tabaka la kati la mameneja hufuata.

Je, ununuzi wa namna hii daima hupunguza ajira? Hapana. Utafiti mkubwa wa wanauchumi uliotoka mwaka 2019, uliohusu Marekani, ulikuta kwamba katika miaka miwili baada ya ununuzi, ajira ilishuka kwa asilimia 13 katika kampuni zilizotolewa kwenye soko la hisa, na ikapanda kwa asilimia 13 katika zile zilizokuwa mikononi mwa watu binafsi, zikilinganishwa na kampuni zinazofanana nazo. Uganda si Marekani, na mikopo ya kununulia kampuni hapa ni ghali, kwa hiyo wanunuzi wengi huweka mtaji wa kukuza biashara badala ya kuibebesha madeni. Bado uliza deni limewekwa kwa nani. Kampuni ikibebeshwa mkopo uliotumika kuinunua yenyewe, riba hulipwa kabla ya mengine, na mwezi mbaya mmoja unatosha kuanzisha mazungumzo ya kupunguza watu.

Sheria inadai nini watu wengi wakipunguzwa

Mwajiri anayekusudia kuachisha watu 10 au zaidi ndani ya miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi, kiteknolojia au kimuundo ana wajibu wa aina mbili. Kwanza, awape wawakilishi wa chama cha wafanyakazi, kama kipo, taarifa kamili wiki nne au zaidi kabla ya mtu wa kwanza kuondoka: sababu, idadi na aina ya wafanyakazi, na muda utakaotumika. Anaweza kujitetea kwamba muda huo haukuwezekana, lakini ni juu yake kuthibitisha. Pili, amwandikie Kamishna wa Kazi mambo hayohayo.

Ujanja ulio wazi ni kuachisha tisa mwezi huu, kungoja miezi mitatu ipite, kisha tisa wengine. Ndiyo maana tunashauri wafanyakazi waweke orodha ya pamoja yenye jina la kila aliyeondoka, tarehe na sababu aliyopewa. Orodha ya aina hiyo humsaidia afisa kazi kuliko ushahidi wa maneno. Na angalieni neno “kama kipo”: pasipo chama, hakuna wa kupewa taarifa kwa niaba yenu. Chama kinachoundwa wiki ya tetesi huchelewa.

Onyo moja kuhusu habari zinazozunguka mitandaoni kwa Kiswahili. Nyingi zinahusu Kenya au Tanzania. Sheria ya Kenya inaweka kiinua mgongo cha siku 15 kwa kila mwaka wa kazi kwa anayepunguzwa. Ya Tanzania inaweka siku saba kwa mwaka hadi miaka kumi. Uganda haina kanuni hiyo. Sheria yetu inaorodhesha nani anastahili kiinua mgongo, kwa mfano aliyeachishwa isivyo haki, aliyeshindwa kazi kwa ulemavu wa mwili, au aliyempoteza mwajiri kwa kufilisika, na inaacha kiwango kijadiliwe kati ya mwajiri na wafanyakazi au chama chao. Kupunguzwa kwa sababu za kiuchumi hakumo waziwazi kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo tafuta haki hiyo kwenye mkataba wako, kwenye mwongozo wa rasilimali watu, au kwenye makubaliano ya pamoja ya chama. Pale ambapo kiwango hakikukubaliwa, Mahakama ya Viwanda, inayosikiliza migogoro ya kazi, imekuwa ikitumia mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka, na ni vizuri kuutumia kama kianzio cha mazungumzo.

Piga hesabu yako mwenyewe

Notisi haina utata: wiki mbili kwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita na chini ya mwaka, mwezi mmoja hadi miaka mitano, miezi miwili kati ya miaka mitano na kumi, miezi mitatu kwa kumi na kuendelea. Mkataba unaweza kukupa zaidi, hauwezi kukupa chini ya hapo.

Chukua mtu wa mshahara wa shilingi 1,800,000 aliyemaliza miaka saba na ana siku 12 za likizo. Notisi yake ni 3,600,000. Likizo inategemea kigawanyo: ukigawa mshahara kwa siku 26 ni 830,769, kwa 30 ni 720,000, kwa 22 ni 981,818. Uliza kampuni hutumia kipi, na kama kigawanyo kimebadilika baada ya mnunuzi kuingia, uliza kwa nini. Kama mwongozo unatoa mwezi mmoja kwa kila mwaka, ongeza 12,600,000. Jumla kwa kigawanyo cha 26 ni 17,030,769, kabla ya kodi. Sasa akiletewa “kifurushi cha kuondoka kwa hiari” cha milioni nane na kuambiwa kinafungwa Ijumaa, ana kitu cha kukilinganisha nacho. Malipo yote ya mwisho yanapaswa kulipwa ndani ya siku saba tangu ajira ilipokoma, pamoja na cheti cha utumishi ukikiomba.

Hesabu hiyo hufa ikiwa kumbukumbu si sahihi. Kabla ya kununua, mnunuzi hupewa orodha ya wafanyakazi yenye tarehe ya kuajiriwa, mshahara na siku za likizo, na ni hiyo atakayoiamini. Makosa ya kawaida ni tarehe ya kuajiriwa kuhesabiwa tangu mfumo mpya wa mishahara ulipoanza kutumika, au miaka ya mwanzo chini ya wakala kufutika. Yarekebishe kwa barua pepe sasa, na uhifadhi nakala nje ya kompyuta ya ofisi. Akaunti ya ofisi ndicho kitu cha kwanza kufungwa.

NSSF nayo ikaguliwe mwezi kwa mwezi. Kwa mshahara ule, asilimia 5 yako ni 90,000 na asilimia 10 ya mwajiri ni 180,000, hivyo 270,000 inapaswa kuonekana kila mwezi. Mwezi ulioruka ni deni la kampuni. Liripoti kabla wahasibu wanaojua kilichotokea hawajaondoka. Akiba yenyewe haimo mikononi mwa mnunuzi. Ila usiiweke kwenye bajeti ya dharura: kupoteza kazi ukiwa na miaka 38 hakufungui mlango wa NSSF.

Mkopo wa mshahara ndio unaoumiza haraka zaidi. Soma mkataba wa benki uone kama benki inaruhusiwa kukata deni lote kwenye malipo ya mwisho, na kama bima ya mkopo inahusu kupoteza kazi au ni kifo na ulemavu tu. Katika SACCO ya kazini, hesabu pia wenzako uliowadhamini. Mkipunguzwa pamoja, madeni yao yanakufuata.

Wapo waajiri wanaokwepa kanuni za kupunguza watu kwa kuwafanya wahusika waonekane wazembe: malengo mapya yasiyofikika, onyo la kwanza, la pili. Kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, una haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa na kusikilizwa ukiwa na mtu uliyemchagua mwenyewe. Dai kikao hicho kwa maandishi.

Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki hupelekwa kwa afisa kazi wa wilaya ndani ya miezi mitatu, na mlalamikaji awe amefanya kazi wiki 13 mfululizo. Beba mkataba, hati za mshahara, barua ya kuachishwa na ile orodha ya walioondoka. Afisa akipita siku 90 bila uamuzi, unaweza kwenda Mahakama ya Viwanda. Unapoandika, taja kichwa cha kifungu badala ya namba yake, kwa kuwa namba zimebadilika katika toleo lililorekebishwa, ambamo Sheria ya Ajira sasa ni Sura ya 226.