Jicho litangulie, mtutu ufuate

Kwa muda mrefu niliwafundisha vijana wangu kulenga bunduki pole pole: karatasi moja, pumzi ndefu, hakuna haraka. Walipiga vizuri. Siku nilipowapangia shabaha tano kwa mstari na kuwasha saa ya simu, wote waliharibikiwa, hata wale niliowategemea. Ule upole ulikuwa unaficha makosa: kitako kisichokaa begani, shavu linalohama, kidole kinachopapasa kifyatuo.

Hapa Lubumbashi tunatumia bunduki ya hewa ya milimita 4.5, kwa mita 10, mbele ya kichuguu kikubwa cha mchwa, udongo mgumu ule ule ambao watu hufyatulia matofali. Vipimo nimevitoa kwenye biatloni, mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kupiga shabaha, ambao vijana wameuona kwenye simu tu. Kule shabaha ni tano, mita 50. Kwa anayepiga amesimama kila moja ina upana wa milimita 115, kwa aliyelala 45. Ukileta hesabu hiyo kwenye mita 10, unapata 23 na 9. Ninaanza na viduara vya 23, vidogo kidogo kuliko kifuniko cha chupa ya bia. Vya 9 visubiri.

Mtu akiambiwa aharakishe, huharakisha kidole, na pale hakuna muda wa kuokoa. Muda hupotea njiani, kati ya duara na duara. Anabaki kukodolea tundu alilotoboa, kisha anasukuma bunduki kwa mikono, inapitiliza, anairudisha. Mimi nataka hivi: mlio ukisikika, tulia kidogo bila kuhama. Kisha jicho liruke kwenye duara linalofuata, mtutu ukiwa bado haujasogea. Halafu kiuno kigeuke, mikono na shavu vibaki vilivyo. Miguu ipangwe kuelekea duara la katikati, ili mwili usijipinde sana upande wowote.

Bunduki zetu hupakiwa kidonge (kirisasi cha bunduki ya hewa) kimoja kimoja, nami naona hiyo ni faida kubwa. Kwa kuwa ana kidonge kimoja tu, mpigaji anapita maduara yote matano, anatulia kwenye kila moja kana kwamba atafyatua, na hajui nitasema "hapo" kwenye lipi. Neno hilo ni ruhusa, si amri ya kushtua kidole.

Binti mmoja, anayeniita Yaya kama ndugu mkubwa, aliniambia, "Yaya, kidole changu kinachelewa." Nikamjibu, "Mudogo, kidole chako hakina kosa. Macho yako ndiyo yanabaki nyuma." Tuliacha vidonge siku ile, tukafanya macho tu mpaka jua likawa kali.

Nyumbani fanyeni hivyo hivyo: hakikisha bunduki ni tupu, chora nukta tano za makala (makaa) kwenye ukuta usio na mtu nyuma yake, pita moja moja, kidole kikiwa nje ya kifyatuo. Tena bunduki ya springi haifyatuliwi bila kidonge: pistoni hugonga mwisho wa silinda bila kizuizi cha hewa, na bunduki inaharibika.