Kengele ya Seva Isiyochosha Masikio

Mara nyingi diski ya seva haijai ghafla. Hujaa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, mpaka usiku mmoja hifadhidata inagoma kuandika, na asubuhi wanafunzi wanakuta ukurasa wa usajili haufunguki. Katika kazi yangu ya kusimamia mifumo, hilo limenipata zaidi ya mara moja. Dalili zilikuwepo kila mara, ila hakukuwa na wa kuzitazama.

Kuna programu huria zinazofanya kazi hiyo ya kutazama. Nagios ina mizizi ya mwaka 1999, na Zabbix imetoka Latvia. Ninayoitumia mimi ni Prometheus, iliyoanzishwa mwaka 2012 na wahandisi wa SoundCloud, kampuni ya muziki wa mtandaoni, mjini Berlin. Leseni yake ni Apache 2.0, kwa hiyo taasisi yenye seva 3 inaitumia bila kulipia, sawa na yenye seva 3,000.

Kila seva huwekewa programu ndogo, node_exporter, inayotoa hali ya diski, kumbukumbu na prosesa. Prometheus hupita kila baada ya muda uliopangwa, tuseme sekunde 15, ikikusanya namba hizo na kuzipima kwa kanuni ulizoandika. Kanuni ikitimia, habari huenda kwa Alertmanager, programu mwenza ambayo ndiyo huamua nani aambiwe na kwa njia gani.

Kuisakinisha Prometheus si kazi ngumu. Ugumu uko kwenye kanuni. Wengi huanza na hii: prosesa ikizidi asilimia 80, tuma ujumbe. Seva inayochakata mishahara usiku itafika 95 na hakuna atakayeumia, lakini simu italia. Ikilia hivyo usiku hadi usiku, mtu wa zamu ataizima sauti, na siku ya tatizo la kweli hatasikia. Kengele zisizo na sababu naziogopa kuliko kukosa kengele kabisa, kwa sababu zinatupa imani kwamba tunalindwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika kanuni, jiulize: mtu akiamshwa saa nane usiku, atafanya nini? Kama atatazama tu na kurudi kulala, jambo hilo lisubiri asubuhi. Ipe kanuni subira pia. Sharti liwe kweli kwa dakika 10 mfululizo ndipo ipige. Kwa diski, usingoje asilimia 90. Prometheus ina kitendakazi (amri ya kukokotoa) kiitwacho predict_linear, kinachoweza kuangalia mwenendo wa saa 6 zilizopita na kukadiria kama nafasi itakwisha ndani ya siku 4. Ukipata habari siku 4 kabla, unasafisha diski mchana, bila haraka.

Swichi ya mtandao, yaani kifaa kinachounganisha seva, ikifa na seva 40 ziko nyuma yake, Alertmanager inaweza kuzikusanya kengele zote kuwa ujumbe mmoja, au kunyamazisha za seva na kubakiza ya swichi. Wakati wa matengenezo unaweza kuzinyamazisha kengele kwa saa mbili, na muda ukiisha zinarudi zenyewe.

Je, Prometheus yenyewe ikifa? Andika kanuni moja ambayo ni kweli daima, ili itume ishara bila kukoma kwenda kwa mpokeaji wa pili, yaani programu nyingine inayoisubiri. Ishara ikikatika, mpokeaji huyo ndiye anayepiga simu. Muweke nje ya jengo lenu, kwenye umeme mwingine na mtandao mwingine. Akikaa kwenye seva ileile, watazimika pamoja.