Siyo mafuta, mama: pengwini kaizari na baridi ya Antaktika

Bango la karakana yangu ya friji, karibu na Feri hapa Mtwara, lina pengwini kaizari, yule mkubwa kuliko wote, mwenye manjano pembeni mwa shingo. Nilimchora mwenyewe ili wateja wajue hapa ni mambo ya baridi. Kumbe nilijitafutia ubishi. Juzi mama mmoja muuza pweza, friza yake imefumuliwa mbele yangu, kanirudishia maneno yaleyale ninayosikia kila wiki: "Fundi, huyo ndege wako hasikii baridi, mafuta yamemjaa."

Dhana: Mafuta ndiyo yanayomkinga.

Mafuta anayo, na yanamsaidia. Lakini akiwa amesimama juu ya barafu, kazi kubwa inafanywa na manyoya yaliyoshonana na hewa kavu iliyonaswa ndani yake. Nilimkatia mama kipande cha fomu, ile sponji ngumu ya ndani ya ukuta wa friji, kutoka mlango wa zamani, akivunje. Vitundu vitupu, vimefungiwa gesi. Hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisipite. Kisha nikampa kipande cha friza yake mwenyewe, kimelowa, kizito, kwa sababu kuna mtu alichokoa barafu kwa kisu akatoboa ukuta. (Jamani, kisu! Zima friza, acha mlango wazi, barafu itaachia yenyewe.) Fomu ikilowa, kompresa inanguruma usiku kucha na pweza wanalainika.

Kwa pengwini ni hivyohivyo. Kifaranga huvaa kwanza manyoya mepesi yasiyozuia maji, na akitumbukia baharini kabla hayajabadilika, amekwisha. Mwaka 2022, kwenye bahari ya Bellingshausen, huko Antaktika, bara la barafu la kusini, barafu ilivunjika mapema, na katika makundi manne kati ya matano yanayojulikana huko inaelekea hakikupona hata kifaranga kimoja.

Mafuta ni akiba ya chakula. Tangu uchumba mpaka yai lianguliwe, dume hukaa siku zipatazo 115 bila kula, na siku 65 hivi kati ya hizo yai liko juu ya miguu yake, limefunikwa na mkunjo wa ngozi ya tumbo. Kwetu huo ni msimu wa kusi, nyuzi 20 alfajiri na watu tayari wamevaa masweta. Kule ni giza, nyuzi 40 chini ya sifuri, pengine chini zaidi. Anapoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Sasa kama mafuta ndiyo koti, mbona analivua katikati ya baridi kali?

Dhana: Wakisongamana, wababe hujiwekea katikati.

Hakuna mwenye kiti. Kila baada ya nusu dakika hadi dakika moja kundi zima linasogea hatua ndogo, wa pembeni wanaingia na wa ndani wanatokea upande wa pili. Katikati joto laweza kufika nyuzi 37, mpaka kundi linavunjika ili wapoe.

Dhana: Miguu haina manyoya, lazima igande.

Damu ya moto inayoshuka mguuni inapita ubavuni mwa ile ya baridi inayopanda, inaipasha. Mguu unabaki juu kidogo ya sifuri, na joto halimwagiki kwenye barafu. Mafundi wenzangu, ni kapilari, kile kineli chembamba cha friji, iliyochomelewa kwenye neli inayorudisha gesi kwenye kompresa. Sina la kuongeza.

Dhana: Dubu mweupe humla.

Dubu yuko kaskazini, pengwini kaizari kusini. Hawajawahi kuonana.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kipande cha fomu bado mkononi. Akalitazama bango.

"Basi mchoree manyoya, fundi. Huyo umempaka rangi tu, kama mtumbwi."